Nani Aliipa Kompyuta Hesabu Zetu?



Mwezi uliopita mtaalamu mmoja alifika katika yadi ya kampuni ya mizigo iliyo upande wetu huu. Jina la kampuni hatuliandiki, maana mazungumzo bado hayajafungwa na nia yetu si kuwatukana watu. Mtaalamu alikuwa kijana mwenye adabu. Alikaa siku 3, akaandika katika daftari, akapima kwa saa, kisha akawaita viongozi wa tawi ofisini, akaonyesha ukutani picha za kompyuta zinazotembea. Tuliona yadi yetu wenyewe: mabehewa, malori, na watu wadogo wadogo wakibeba mifuko ya mbolea bila kutoka jasho. Picha ilipokwisha, akasema ya kwamba kundi moja la watu 6 latosha pale ambapo leo pana makundi mawili. Akasema pia ya kwamba hayo si maoni yake, ni kompyuta ndiyo iliyoona hivyo.

Tangu siku hiyo Lumakanda hakuna habari nyingine. Mwenzetu mmoja ana watoto wawili sekondari, naye yumo katika lile kundi la pili. Wako wanaosema tukatae kompyuta isikanyage yadini tena. Wako wanaosema imekwisha, mashine haisemi uongo, tuombe tu malipo ya kuagana. Sisi wa jarida hili hatukubaliani na upande wo wote katika hizi mbili, nasi tutaeleza sababu.

Kitu alichotuonyesha yule kijana huitwa mwigo wa kazi. Maana yake ni kuiga kazi mahali ambapo kosa halimwumizi mtu, kabla ya kuibadilisha kazi yenyewe. Sisi wa reli tusijifanye wageni wa jambo hili. Ye yote aliyepata kuingia katika chumba cha kontroli ameiona ile karatasi kubwa ya mistari. Pembeni pameandikwa stesheni kwa mfuatano wake, Eldoret, Turbo, Lugari, Webuye, Bungoma, mpaka Malaba, na juu yake saa za mchana na usiku. Kila gari moshi ni mstari mmoja uliolala upande. Reli yetu ni njia moja tu, basi mistari miwili lazima ikutane penye stesheni ambapo gari moja laweza kuingia pembeni na kulipisha lenzake. Ikikutana katikati ya stesheni mbili, maana yake yule wa kontroli amegonganisha magari mawili. Lakini ni ajali ya penseli, nayo hufutwa kwa raba. Baba zetu na babu zetu walipanga magari hivyo zamani, kabla kompyuta haijafika nchi hii. Huo ni mwigo.

Kwa hiyo hatuugombi mwigo. Tunauliza ni nani aliyeshika penseli.

Jumapili iliyopita tulikusanyika watu 9 nyuma ya duka moja hapa Lumakanda. Tulikuwa na dadu mbili za watoto, moja nyekundu na moja nyeupe, vifuniko vya soda, na ubao wa mbao uliochorwa kwa chaki. Tulianza na hesabu ya mtaalamu mwenyewe. Yeye alisema ya kwamba lori moja hufika kila dakika 35, na kundi moja hulipakia kwa dakika 35. Kwa hiyo lori likitoka jingine linaingia, hakuna anayengoja na hakuna anayekaa. Ukutani ilipendeza sana.

Lakini ni nani kati yenu amewahi kuona malori yanafika kama kengele ya shule? Moja limepata pancha Turbo, jingine limezuiwa barabarani, na matatu yanaingia pamoja kwa sababu madereva walikunywa chai mahali pamoja. Kupakia nako si sawa: behewa moja mlango unafunguka kwa mkono, jingine unakataa mpaka uletwe mtaimbo. Dakika 35 ni wastani, na katika yadi hakuna mtu aliyewahi kufanya kazi na wastani. Basi tukasema dadu nyekundu itatwambia lori linalofuata litakuja baada ya muda gani, na nyeupe itatwambia litapakiwa kwa muda gani. Moja ni dakika 10, sita ni dakika 60. Mwenye kupiga hesabu ataona ya kwamba wastani wa dadu kama hiyo ni 35 sawasawa. Hatukumwibia mtaalamu hata dakika moja.

Tukarusha dadu kwa malori 8. Yalifika dakika ya 0, ya 20, ya 30, ya 90, ya 140, ya 150, ya 190 na ya 240. Muda wa kuyapakia ulitoka 30, 50, 40, 20, 60, 10, 50 na 20, jumla dakika 280, wastani wake 35 vile vile. Tazameni yaliyotokea kwa kundi moja. Lori la tatu lilifika dakika ya 30 likakaa mpaka dakika ya 80 ndipo likaguswa. Lori la sita lilihitaji dakika 10 tu za kupakiwa, lakini lilingoja 50. Tulipojumlisha, malori yalikuwa yamengoja dakika 180, yaani saa 3 nzima, mahali ambapo picha ya ukutani ilisema hakuna atakayengoja. Na kundi lenyewe? Lilifanya kazi tangu dakika ya kwanza mpaka ya 280 bila nafasi hata ya kunywa maji. Watu wale wadogo wa ukutani hawana kiu.

Mzee mmoja aliyekuwa gadi zamani akasema, wapeni chai. Tukawapa dakika 10 baada ya lori la tatu. Hapa lazima tuseme ukweli ingawa hautupendezi: dakika 10 za chai ziliongeza kungoja kwa malori kutoka dakika 180 mpaka 230. Kila lori lililofuata liliibeba chai ile. Bwana mkubwa akiiona hesabu hiyo atasema, mwaona, chai yenu ni ghali. Nasi twajibu ya kwamba kosa si la chai. Kazi iliyopangwa bila upenyo wo wote hulipiza kila kitu kidogo, iwe chai, iwe mvua, iwe mfuko uliopasuka.

Kisha tukaweka makundi mawili, kama ilivyo leo. Kwa dadu zile zile, malori yale yale, hakuna lori lililongoja hata dakika moja, na kazi ikaisha dakika ya 260. Watu wakapiga makofi. Tukawanyamazisha, kwa sababu iko hesabu nyingine: makundi hayo mawili kwa jumla yalikaa bila lori dakika 240. Hicho ndicho alichokiona mtaalamu, akakiita upotevu. Hakujua ya kwamba katika muda ule watu wanafagia behewa, wanafunika mbolea kwa turubai mawingu yakitanda, wanashona mifuko iliyopasuka, wanafungua mlango wa behewa lijalo. Hakujua kwa kuwa hakuuliza, na katika siku zake 3 mvua haikunyesha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwisho tukajaribu jambo ambalo halikuwa katika picha yake wala katika madai yetu ya zamani. Tukasema: kundi moja, chai ipo, lakini malori yasije yatakavyo. Karani awapigie madereva simu, kila mmoja apewe saa yake, lori moja kila dakika 40. Muda wa kupakia tukaacha ule ule wa dadu. Kungoja kukashuka kutoka dakika 230 mpaka 60. Kazi ikaisha dakika ya 310, yaani dakika 20 tu baadaye, na kundi likapata mara mbili dakika 10 za kupumua zaidi ya chai. Hakuna mtu aliyefukuzwa wala shilingi iliyotumika, isipokuwa ya simu.

Hatusemi ya kwamba kurusha dadu mara moja ni ushahidi. Ukirusha tena mambo yatabadilika, pengine sana. Mchezo kama huo yapasa urudiwe mara mia au mara elfu ndipo ujue lililo la kawaida na lililo la bahati, na hapo ndipo kompyuta ina faida ya kweli, maana yaweza kuurudia mara elfu huku wewe ukitafuta kiti. Hatuidharau hata kidogo. Ila kompyuta iliyopewa wastani peke yake haikuiga kitu. Ile ilikuwa hesabu ya darasa la nne iliyovalishwa picha.

Jambo hili la foleni lina elimu yake ya siku nyingi. Mwaka 1909 mtu wa Denmaki, Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi na kampuni ya simu ya Copenhagen, alitoa maandishi yake ya kwanza juu ya simu ziingiazo kwa bahati nasibu na watu wanaozingojea. Kutoka elimu hiyo twaweza kupiga mfano wa mizani. Malori yakija kwa bahati nasibu kabisa, wastani moja kila dakika 10, na kupima kukabadilika vivyo hivyo, wastani dakika 8, kila lori litangoja wastani wa dakika 32. Ongeza dakika moja tu, kupima kuwe dakika 9: kungoja hakuwi 33, hupanda mpaka dakika 81. Sisi wa barabara hii hatuhitaji kuambiwa mara mbili. Mwaka 2020, madereva walipopimwa korona mpakani Malaba, tuliona foleni ya malori ikienea kilomita nyingi, watu wakilala chini ya trela. Jambo moja lilikuwa limeongezwa katika kazi ya mpakani, lenye sababu njema, lakini pasipo nafasi ya kulibeba.

Na mambo haya yatazidi kutufikia. Reli mpya ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, ikafika upande wa Naivasha mwaka 2019. Upana wake ni milimita 1,435, na yetu ya zamani ni milimita 1,000, basi behewa haliwezi kuvuka kutoka hii kwenda ile. Mzigo unaokuja kwetu na kwenda Uganda kwa reli hizi mbili lazima uhamishwe. Kila mahali pa kuhamisha ni mahali pa foleni, na kila mahali pa foleni atafika siku moja mtaalamu mwenye picha.

Sasa tuwaambie habari ambayo wengi wetu hatukuijua. Kuanzia mwaka 1962, katika Norwegian Computing Center huko Oslo, mabwana wawili, Kristen Nygaard na Ole-Johan Dahl, walitunga lugha ya kompyuta iitwayo Simula, kwa kusudi hili hili la kuiga kazi: viwanda, bandari, foleni. Nygaard akaja akaona ya kwamba chombo chake kinatumiwa na wakubwa wa kazi kupanga upya kazi za watu, na watu wenyewe hawaulizwi. Wengine wangepokea fedha na kunyamaza. Yeye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikwenda kwa chama cha wafanyakazi wa chuma na metali cha Norwe, akafanya kazi pamoja nao. Katika matawi ya viwandani wafanyakazi wenyewe walikaa wakachunguza mipango ya kompyuta iliyohusu kazi zao, wakaandika taarifa zao. Mwaka 1975 muungano wa vyama vya wafanyakazi na chama cha waajiri wa Norwe walitia sahihi mapatano ya nchi nzima: wafanyakazi wapewe habari za mipango ya namna hiyo mapema, kwa lugha wanayoielewa, na wawe na mjumbe wao wa mambo ya kompyuta.

Majirani zao wa Uswidi nao, kati ya mwaka 1981 na 1985, katika kazi iliyoitwa UTOPIA, wapiga chapa wa magazeti walikaa na wataalamu wakaiga mitambo ambayo bado haikuwapo kwao. Waliiigaje? Kwa mbao na maboksi ya karatasi. Boksi tupu liliwekwa mezani likaitwa mashine ya kupigia chapa, na fundi akafanya kama anayefanya kazi, huku akisema hapa mkono hautafika, hapa mwanga hautoshi. Mtu aliyekuwa akicheka vifuniko vyetu vya soda Jumapili na ajue ya kwamba tuko katika kundi la watu wenye akili zao.

Je, sisi tuna nguvu gani? Si haba. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 57, yamtaka mwajiri akupe chama habari zote zinazohitajika ili kiweze kuwasemea wafanyakazi katika mazungumzo. Hesabu zilizotiwa katika kompyuta ni habari za namna hiyo. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo, kifungu cha 40, yasema ya kwamba mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi zao hazihitajiwi tena, lazima akiarifu chama na afisa wa kazi kusudi lake, na sababu zake, si chini ya mwezi mmoja kabla. Na anayeondoka alipwe si chini ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka mzima aliotumika. Picha ya ukutani si notisi. Hata leo notisi haijaandikwa, basi asitokee mwanachama wa kutia sahihi karatasi yo yote ya kuagana kwa hofu.

Lazima pia tujikemee. Siku mtaalamu aliposimama na saa yake, vijana wa kundi la kwanza walikimbia na mifuko begani kama watu wa mashindano, ili waonekane hodari. Zile dakika 35 ni za mbio hizo. Katika kundi la pili mambo yalikuwa kinyume, mtu alijikokota akidhani akiwa mwepesi atapoteza mwenzake. Wote wawili walimdanganya mwenye daftari, na uongo wao ukaingia katika kompyuta, ukatoka upande wa pili ukiitwa sayansi. Na alipotuomba watu wawili wakae naye jioni wamweleze kazi, hakwenda mtu. Tulisema ni mpelelezi. Asiyekuwapo na lake halipo.

Tena tusidai ya kwamba makundi mawili yanahitajika kila siku ya mwaka. Ziko siku za mabehewa mawili tu, na siku hizo kundi la pili hukaa kivulini, twajua sote. Tukilikana hili mezani tutaaibishwa na daftari letu wenyewe. Lililo bora ni kudai ya kwamba watu wale 6 wabaki, siku za mzigo mdogo wafundishwe kazi ya karani wa malori na ya kutunza mabehewa, na mpango wa saa za malori ujaribiwe yadini kwa mwezi mmoja kabla ya mtu ye yote kutajwa jina. Mwajiri akishinda jaribio hilo kwa haki, tutazungumza. Twaamini hatashinda.

Viongozi wa tawi wamekwisha mwandikia barua ya kuomba mambo matatu: hesabu zote alizotia mtaalamu katika kompyuta, nafasi ya kuketi naye siku moja na wajumbe wawili wa makundi, na mwigo ufanywe tena ukiwa na mvua, chai, milango mibovu na malori yajayo ovyo. Barua ilipokelewa na kupigwa muhuri. Jibu bado.

Kwa hiyo Jumapili ijayo saa nane mchana, mahali pale pale, twakutana tena. Wiki hii kila kundi lichague mtu mmoja mwenye saa ya mkono na penseli, aandike kila lori limefika saa ngapi, limeanza kupakiwa saa ngapi, limeondoka saa ngapi, na sababu ya kila kuchelewa. Aandike kama ilivyo, bila kukimbia na bila kujikokota. Siku ya mvua iandikwe zaidi kuliko nyingine. Karani wa mizani ameahidi kuleta daftari lake. Vifuniko tunavyo vya kutosha, ila dadu nyeupe imepotea, mwenye nyingine aje nayo.